Ndzala Kwenye Mizani

Kwa miezi minne Dama alikula chungu kimoja na wifi yake, Judy. Judy ndiye aliyepika nyumbani kwao Timbwani: mchicha, maharagwe ya kuchemsha, samaki bila mafuta, ugali wa kujaa kiganja. Karatasi ya lishe waliyopewa kliniki ilikuwa moja. Judy alipungua kilo kumi na moja, akawa anabana sketi zake kwa pini. Dama alipungua mbili, kisha moja ikarudi.

Judy alitaka kupendeza. Dama alitaka goti. La kulia lilikuwa limekwisha, mfupa unasaga mfupa, na daktari wa upasuaji alisema hatalibadilisha kabla hajashuka hadi kilo tisini. Dama alikuwa na tisini na nane. Bila goti hakuna kusimama mbele ya karai, na viazi karai ndivyo vilivyomlisha yeye na mwanawe Kai tangu afiwe na mume.

"Mama Kai," Odhiambo, mteja wake wa kila asubuhi, alimtania, "wewe unakaanga ama unaonja?"

Dama alivitia viazi ukwaju, akamfungia, akampa. Zamani angemjibu mpaka ajute. Miezi minne hakuwa ameonja hata kimoja. Chumvi aliipima kwa jicho.

Kliniki, mtaalamu wa lishe aliyeitwa Swabra alimpima mwezi huo wa nne, akaandika kwenye faili kwa wino mwekundu: Hafuati masharti. Alimwambia kwa upole kwamba mizani haidanganyi, na kwamba akirudi hivyo mwezi ujao, jina lake litatolewa kwenye foleni ya upasuaji. Dama aliuliza tu arudi tarehe ngapi.

Mwezi wa tano goti lilikataa ngazi za kliniki, basi mama yake, Nyevu, akaja kutoka Ganze kumshika mkono. Mizani ilisema tisini na saba. Swabra akachukua kalamu nyekundu.

"Ndzala, vaa viatu twende," Nyevu alisema.

Swabra alilelewa Magogoni, katikati ya majirani Wagiriama, na neno hilo alilijua. Akauliza kwa nini mtu mzima huyu anaitwa Njaa.

"Ndilo jina lake la nyumbani, mwanangu. Mimba yake niliibeba mwaka wa themanini na nne, mvua ilipokataa. Nilikula mizizi, na siku nyingine maji matupu. Dama ni jina la bibi yake, hilo ni la karatasi."

Swabra aliweka kalamu chini. Miezi mitano Dama alikuwa ameulizwa anakula nini kwa siri. Hakuna aliyemwuliza alizaliwa mwaka gani wa shida.

Akawaeleza polepole. Kila mtu ana jeni zake, lakini juu ya jeni kuna alama ndogo zinazoamua ipi ifanye kazi na ipi ilale. Mama akishinda njaa, alama hizo zinaweza kubadilika mtoto akiwa bado tumboni, na mwili wake ukajifunza kushika kila tonge. Ndiyo maana watu wawili huweza kula sahani moja, mmoja akapungua na mwingine asipungue. Hakuweza kuapa kwamba Dama ni mmoja wao, alisema. Bado watafiti wanachunguza. Lakini aliloandika hakuwa na haki ya kuliandika.

"Nisamehe, mama," alimwambia Dama. Akaukata ule mstari mwekundu, akamwandikia daktari wa upasuaji kwamba mgonjwa amefuata masharti yote, aangaliwe goti lake, si kilo peke yake. Jina likabaki kwenye foleni. Tarehe haikutajwa.

Dama alisema ahsante. Alingoja kusikia nafuu moyoni; haikuja.

Nje, alitangulia kuelekea ngazi.

"Dama," Nyevu aliita, akilijaribu jina la karatasi.

Dama hakuwahi kuitwa na mama yake kwa jina hilo. Aliendelea kutembea, akidhani anaitwa mtu mwingine.

"Ndzala."

"Abee, mama."

"Ngoja nikushike."