Kazi ya Kulala Nyasini

Mama yangu alilima mashamba ya watu zaidi ya miaka thelathini, kuanzia Moi's Bridge alikofikia akiwa msichana kutoka Magharibi, hadi Sugoi tulipopata kipande chetu wenyewe. Goti lake la kulia lilipofura hata akashindwa kuvaa gambuti, daktari wa Eldoret alimwambia apumzike. Aliitikia kwa heshima. Kesho yake nilimkuta kwenye mahindi, ameketi juu ya debe lililopinduliwa, akipalilia kwa mkono na kulisogeza debe mstari kwa mstari.

Nilimgombeza. Akaniuliza kama nimewahi kumwona amelala mchana. Nilimjua akiwa wima au ameinama. Hata kanisani alikaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayesubiri kuitwa.

Wakati huo nilikuwa napiga video za harusi na mazishi mjini, kazi ya mbio: keki, machozi, densi, kata, weka muziki. Lakini nilikuwa nimeanza kujitengenezea video zangu mwenyewe, ndefu na nyamavu, ambazo wateja wangu hawangezivumilia: ukungu ukiondoka bondeni, upepo ukipita juu ya mahindi. Rafiki yangu mmoja, mchoraji, alikuwa akiandaa maonyesho katika ukumbi wa kanisa mjini, akaniomba nimletee moja. Nilipozitazama tena, niliona zinakosa mtu.

Basi nikamwendea Mama, nikamwambia nina kazi na ninatafuta mtu wa kuifanya.

"Kazi gani?"

"Kulala kwa nyasi, pale mteremkoni."

"Na nikishalala, nifanye nini?"

"Usifanye kitu, Mama. Hiyo ndiyo kazi."

Alikubali kwa sababu ilikuwa kazi. Siku ya kwanza alifika kabla yangu, amevaa rinda la Jumapili. Alitandika leso, akalala chali, mikono imenyooka kama ya askari wa gwaride, na kila dakika chache akauliza kama anafanya vizuri. Hatimaye alinyamaza. Nilipoitazama video hiyo jioni, nikagundua kwamba vidole vyake vilikuwa vikifanya kazi muda wote: alikuwa ameng'oa kila gugu lililokuwa karibu na leso.

Siku ya pili alizungumza. Mimi nikiwa nyuma ya kamera, yeye macho angani, alinisimulia jinsi vibarua wanawake wa Moi's Bridge walivyokuwa wakijinyoosha chini ya trela baada ya chakula cha mchana, mmoja akisimama kumwangalia nyapara asije akawafumania. Zamu ya kusimama aliichukua yeye mara nyingi. Alikuwa na mimi tumboni, na akilala alishindwa kuinuka upesi. Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Sikuizima kamera, ila sauti ile sikumwekea mtu yeyote. Niliibakisha yangu.

Siku ya tatu alilala kweli. Mdomo ulifunguka kidogo, kiganja kikaachia. Kivuli cha wingu kilitoka upande wa Turbo, kikavuka mahindi, kikampitia yeye, kikaendelea zake hadi ng'ambo ya ua. Nilisimama pale karibu saa nzima, naogopa hata kukohoa. Ni matone ya mvua yaliyomwamsha.

Siku ya maonyesho tuliimulika video hiyo kwenye ukuta mweupe, ikaujaza wote. Mama alikaa benchi la mbele pamoja na wanawake wenzake wa kanisani. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea ukutani isipokuwa nyasi kuyumba na kifua chake kupanda na kushuka. Mzee mmoja asiyetujua, aliyesikia tu kwamba yule wa ukutani ni mama yangu, alivua kofia, akanisogelea na kunipa pole kwa kuondokewa na mama.

Mama alimsikia, akageuka. "Sijafa, Mzee. Nilikuwa kazini."

Watu walicheka, halafu wakatulia, wakaendelea kutazama. Mzee akaketi karibu naye. Kabla ya mvua kufika ukutani, alikuwa amesinzia, kofia mapajani, na Mama akawaashiria wenzake wapunguze sauti.

Goti halikupona kabisa, lakini uvimbe ulipungua, na palizi iliyofuata aliiachia jirani. Video anayo kwenye simu yake. Huionyesha kila mgeni, hasa sehemu moja ambapo kuna ndege analia mara tatu akiwa mahali asipoonekana. Mama anataka kujua ni ndege gani, kwani siku ile alikuwa usingizini. Mimi niliyekuwa macho sikumsikia. Tumewauliza majirani, na kila mmoja ana jina lake la ndege huyo.