Daktari Kusharyadi na Gogo la Tukijo

Daktari Kusharyadi alitibu maradhi ya akili ya watu wazima kwa miaka ishirini na sita, yote hapa kwetu Gunungkidul. Aliosoma nao walifungua kliniki Jakarta. Yeye kila Alhamisi alipanda milima kuwatafuta wagonjwa ambao ndugu zao wamewafunga miguu kwenye magogo. Alasiri alipiga ngoma katika kundi la muziki wa matari na upatu la mtaani, na hakupenda kuchelewa mazoezini.

Mgonjwa ambaye Daktari alimjivunia kuliko wote alikuwa Tukijo. Kwa miaka kumi na moja Tukijo alikaa nyuma ya zizi la mbuzi, miguu imebanwa kwenye gogo la mfenesi, kwa kuwa aliwahi kumpiga jirani kwa jembe. Daktari alimfungua, akamchoma sindano kila mwezi, akamfundisha kutembea upya. Mwezi wa tano wa matibabu alikuwa anakata majani ya mbuzi mwenyewe.

"Akigusa mtu mara moja tu, Daktari," alionya Suradal, mkuu wa kijiji, "anarudi kwenye gogo, na hatoki tena."

Mwezi wa sita mikono ya Tukijo ikaanza kutetemeka kwa dawa. Mundu ulimponyoka. Daktari akaenda kumuuliza mama yake, Mama Parinem, ambaye alishaandaa chai na muhogo wa kukaanga.

"Mama, analala vizuri?"

"Ndiyo, Daktari."

"Haongei peke yake?"

"Ndiyo, Daktari. Kula muhogo, unapoa huo."

"Kwa hiyo nikipunguza dawa, sawa?"

"Ndiyo, Daktari."

Tukijo alikuwa hajalala siku nne. Jana yake alibishana na kisima mchana kutwa. Lakini kwetu mgeni wa heshima haambiwi hapana machoni pake, na Daktari, mzaliwa wa hapa, aliyajua hayo tangu utoto. Mazoezi yalikuwa saa kumi. Akapunguza dawa nusu, akamaliza chai, akaondoka.

Wiki tatu baadaye Tukijo alimvunja shemeji yake mkono. Daktari alipofika alikuta gogo jipya limeshachongwa. Aliyepigilia kabari ni Mama Parinem.

"Mama, kwa nini hukuniambia kwamba halali?"

"Uliniuliza umeshika funguo za gari, Daktari. Ningekuchelewesha vipi?"

Suradal alicheka. "Miaka yote hiyo unasoma vichwa vya watu, kimekushinda cha bibi kizee!"

Daktari alipiga magoti mbele ya kijiji kizima, akaomba Tukijo afunguliwe. Walimjibu kwa adabu: ndiyo, Daktari, tutalifikiria. Safari hii alielewa.

Aliruhusiwa sindano tu. Akarudisha kipimo cha zamani, na dawa ikafanya kazi yake. Usingizi ukarudi, sauti zikanyamaza. Mwezi wa pili wa sindano hizo Tukijo, akili timamu, aliitazama miguu yake iliyovimba.

"Shemeji amepona?"

"Amepona."

"Basi nifungue, Daktari."

Daktari alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Kama hunifungui, usinichome tena. Nilipokuwa kichaa sikujua niko wapi."

Daktari alimpangusa bega kwa pamba, akamchoma.