Saa Moja na Dakika Mbili

Mume wangu wanamwita Swichi, na jina hilo halimuudhi hata kidogo. Ataudhika vipi, na mwenyewe ndiye aliyeliandika juu ya mlango wa duka letu kwa rangi nyekundu? Alianza kwa kutandaza nyaya kwenye nyumba za watu. Siku hizi anazifanya nyumba hizo zijiwashe na kujizima zenyewe, mwenye nyumba akiangalia kwenye simu. Taa ya sebuleni kwetu, kwa taarifa yako, inaning'inia kwa waya mwaka wa pili sasa. Nimesema mpaka nimechoka.

Kazi yake anaiendesha kwa daftari. Kabla hajagusa kifaa chochote humkalisha mteja, amwambie kwa mdomo wake anataka nini, kisha anaandika: ikiwa hivi, basi vile. Ikiwa mlango umefunguliwa jioni, basi taa ya ukumbini iwake. Ikiwa chumba kimetulia dakika kumi, basi taa izime. Hiyo ya pili ilimwaibisha kwa mama mmoja mwalimu, aliyekuwa akisahihisha mitihani katulia mezani, na taa ikawa inamzimikia kila mara. Ikabidi mama wa watu asahihishe kwa mkono mmoja na kupunga hewani kwa mwingine. Mimi nilicheka mpaka machozi. Swichi hakucheka, alirudi akakaa alasiri nzima akimtazama mwalimu anavyofanya kazi. Kifaa kinajua hali, akaniambia, hakijui sababu. Nikaona huyu naye ameanza kujifanya mwanafalsafa.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa mzee mmoja, fundi saa aliyestaafu, aliyefiwa na mkewe na kubaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha maturubai. Meza yake ya kazi ilikuwa bado chini ya dirisha, na watu wawili watatu walikuwa bado wanamletea saa za ukutani. Binti yake wa pekee ni mfamasia katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Yeye ndiye aliyetuita. Kamera hakutaka, alisema baba yake si mwizi. Alitaka tu kujua kila asubuhi kwamba mzee ameamka salama.

Kwa kuwa mzee huanza siku kwa chai, Swichi alimfungia soketi inayowasiliana na simu, ya kuchomekea birika la umeme, na jicho dogo la kuona mwendo pale jikoni; taa ya chumbani nayo akaiunganisha. Akaandika: ikiwa birika halijawashwa hadi saa moja asubuhi, basi simu ya binti ipige kengele. Akamsomea mzee kanuni hiyo mara mbili, maana hafungi kitu ndani ya nyumba ya mtu bila mwenyewe kuelewa. Mzee alisikiliza vizuri, akauliza kama saa ya hiyo soketi inakwenda sawasawa.

Miezi mitatu ikapita shwari. Halafu binti akaanza kupiga simu dukani. Birika linachelewa, alisema. Wiki iliyopita mara mbili, wiki hii mara tatu. Kengele ikilia anaacha kila kitu, anampigia baba, na baba anapokea, anadai alipitiwa na usingizi. Mara ya nne alipopiga, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata shauri. Swichi aende akaangalie kama kosa ni la mashine. Kama si la mashine, basi uzee umemlemea baba yake, na yeye roho yake haiwezi kustahimili tena. Alikuwa ameagiza lori la mizigo kwa siku ya Jumamosi. Mzee angehamia kwake na nyumba ingefungwa.

Ilikuwa Jumatano. Swichi alifungua kumbukumbu za nyumba ile kwenye kompyuta ya duka akaniita tusome wote, kwani kila kifaa huacha alama ya hali yake na dakika yake. Taa ya chumbani imewaka saa kumi na moja na nusu. Jikoni kuna mtu tangu saa kumi na mbili kasoro dakika tano, anajisogezasogeza. Saa nzima inapita, ndipo birika linawaka: saa moja na dakika mbili. Siku nyingine ya kuchelewa, vilevile. Siku nyingine tena, saa moja na dakika mbili.

"Mgonjwa hachelewi kwa kipimo," Swichi alisema, akafunga daftari.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu tulikuwa mlangoni kwa mzee. Mimi sikuwa na kazi huko, ila jambo kama lile nisingekubali kusimuliwa. Tulimkuta jikoni, amenyoa ndevu, shati limefungwa vifungo vyote. Birika limejaa maji, kikombe kina sukari tayari, na simu iko mezani kando ya saa yake ya mkononi. Wala hakushtuka. Alitukaribisha tukae, tukakaa, watu wazima watatu tunalitazama birika baridi.

Saa moja ikafika. Baada ya dakika moja simu ikalia, naye akaipokea kwa sauti nzito ya mtu aliyetoka usingizini, na mwigizaji yule nusura anichekeshe. Huku anaongea, mkono wa pili ukabonyeza birika. Alimuuliza binti yake kuhusu mgongo unaomsumbua, kuhusu mwenye nyumba wake mkorofi, kama anakula mchana au anasahau. Maji yakachemka, yakanyamaza, bado wanaongea. Sikuwa na hamu ya kucheka tena.

Aliiweka simu mezani. Mzee ndiye aliyeanza.

"Zamani alikuwa ananipigia kila asubuhi kuniuliza nimeamkaje. Tangu ufunge kitu chako, fundi mwenzangu, birika ndilo linalomjibu."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Mzee akamsihi asimwambie binti. Akijua, alisema, atapiga kwa kumhurumia. Sasa hivi anapiga kwa sababu anataka kujua kama baba yupo.

Mdomo wangu huu unaniponza. Nilimwambia kwamba Jumamosi linakuja lori. Alikuwa hajui. Aligeuka akaitazama meza yake ya kazi kwa muda mrefu, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

"Basi kesho nitachemsha saa kumi na mbili kamili," alisema. "Mwambie mashine imepona."

Nyumba angebaki nayo, simu ndiyo angeikosa. Alilisema polepole, na iliniuma kweli.

Tuliporudi dukani Swichi alimpigia binti. Hakumwambia kuhusu kikombe chenye sukari wala ndevu zilizonyolewa. "Dada, mashine ni nzima na baba yako ni mzima," alisema. "Kosa ni langu, liko kwenye kanuni. Nimekuandikia umtafute siku mbaya tu. Siku njema sikukuachia kazi." Kisha binti akauliza kumbukumbu za kila kifaa zinafunguliwaje, maana miezi yote hiyo alikuwa akingoja kengele tu. Swichi akamwelekeza, akakata simu. Nilimgombeza kwamba ameliacha jambo njiani. Alinijibu kwamba yaliyobaki hayaandikwi kwenye daftari lake.

Ijumaa birika liliwaka saa kumi na mbili kamili. Saa moja ikapita bila kengele. Saa mbili mzee akatupigia dukani, na Swichi akaweka sauti kubwa nami nisikie. Lori limefutwa, alisema; binti atakuja mwenyewe kesho, na begi la siku mbili. Halafu akatuambia kwamba alikuwa ndiyo kwanza amebonyeza birika pale simu ilipolia.

"Akaniambia, baba, nisamehe, nimechelewa. Nikamwambia umechelewa wapi, maji hata hayajapata moto. Akasema, miezi mitatu, baba."