Marashi Yaliyonukia Sabuni

Nakumbuka Jumamosi moja, mjukuu wangu, nimesimama ndani ya bafu la makuti kwa wakwe zangu watarajiwa kule Temeke, kopo la maji mkono mmoja, kichupa cha marashi mkono wa pili, masikio yote yako nje. Mtu mzima na ndevu zangu, nimejificha na kichupa. Leo nacheka, ila siku zile sikuwa na kicheko.

Nikueleze hicho kichupa. Nilikuwa fundi seremala kijana huko Kinondoni, kutwa jasho na vumbi la mbao. Nilikuwa nimemposa Zuhura, binti wa Mzee Mfaume, na kila Jumamosi nilikwenda kuwaamkia wazee. Marashi nilinunua Kariakoo kwa mchuuzi mmoja, na nilichagua ya bei ya chini kuliko yote aliyokuwa nayo. Maji yake ya kijani. Ukifungua tu, limau inakupiga puani mpaka machozi yanakulengalenga. Ukiivumilia inatulia, halafu ndiyo inakuja yenyewe: sabuni ya kuogea, ile iliyotoka kufunguliwa karatasi sasa hivi, na nyuma yake harufu ya shuka lililoanikwa juani. Yalikuwa marashi mazuri, sitayasingizia. Ubaya wake mmoja, hayakai. Najipaka Kinondoni, nikiteremka basi Temeke nanuka jasho na mbao za mninga kama sikujipaka kitu. Ndiyo maana nikawa naomba maji ya kunawa, naingia bafuni, najipaka upya.

Siku moja Zuhura akaniuliza, "Kaka Shabani, unaogea nini wewe?" Ningesema ni marashi, yakaisha. Lakini niliona haya, marashi yenyewe ya bei ya mchicha. Nikamwambia, "Sabuni ya Ulaya. Nina rafiki yangu baharia, ndiye huniletea." Basi, neno likatoka. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mie nilikuwa sijawasikia.

Nyie wa leo hamjui sabuni ilivyokuwa miaka ile. Tulikuwaga tunafulia majani ya mpapai. Duka la ushirika likipata sabuni, watu wanapanga mawe kwenye foleni tangu alfajiri, kila jiwe na mwenyewe, na wengi wanarudi mikono mitupu. Na muuzaji wa duka la ushirika la mtaa ule alikuwa Mzee Mfaume, baba yake Zuhura.

Sasa Jumamosi hiyo natoka bafuni, nanukia, nakutana uso kwa uso na jirani yao, Mama Sauda, kampakata mtoto mchanga. Akanitazama toka juu hadi chini.

"Shemeji," akasema taratibu, "umeingia humo unanuka jasho, umetoka unanukia sabuni. Mie wiki ya tatu hii nepi za mwanangu nazisuuza kwa maji matupu, na makalio yake yamechubuka."

Akaenda zake. Nilijua anachowaza: kwamba Mzee Mfaume anaificha sabuni ya umma ndani, anamwogeshea mkwe. Mwanangu, nilikuwa na kichupa mfukoni. Ningemwita tu, nikamwonyesha. Badala yake nikaenda kunywa uji.

Alhamisi Zuhura akaja karakanani, kajitanda khanga, macho mekundu. Aliniambia akiwa amesimama, hakutaka kigoda. Baba yake amenyang'anywa funguo za duka. Mtaa mzima unamwita mlanguzi. Wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Jumapili asubuhi anatakiwa kwa balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa mtaa wao, na asipojieleza atapelekwa mbele zaidi. Siku zile kupelekwa mbele kwa neno kama hilo hakukuwa mchezo.

"Baba amekutetea," akasema. "Amemwambia balozi sabuni ni yako mwenyewe, unaletewa na baharia, kama nilivyomsimulia. Balozi anamtaka huyo baharia aje."

Mzee yule wa watu, asiyewahi kusema uongo, nimemsemesha wa kwangu. Na unajua nilijibu nini? Nilimwambia Zuhura, "Yuko safarini." Akanitazama sana, akageuka, akaondoka. Siku mbili zile sikutoka karakanani, hata Jumamosi sikwenda Temeke. Kila nikifunga macho namwona Mzee Mfaume na kofia yake ya kiua anaongozwa njiani, watu wanamzomea. Nikiwaza kwenda kusema, namwona Zuhura anacheka na wenzake: fundi wa sabuni ya Ulaya, kumbe kichupa cha Kariakoo. Hofu mbili zinanigombea, na aibu yangu ndogo ndiyo ilikuwa inashinda.

Jumapili nilikwenda. Sikwenda kwa ushujaa, nilikwenda kwa sababu kukaa kulinishinda. Barazani kwa balozi watu wamejaa, Mzee Mfaume yuko kwenye benchi, mikono kaibana katikati ya magoti kama mtu mwenye baridi. Nikawaamkia wote, nikatoa kichupa, nikasema: baharia hayupo, hajawahi kuwepo. Ni haya.

Kikapita mkono hadi mkono. "Harufu ndiyo," balozi akasema, "lakini chupa unaweza kuwa umenunua jana, kumfunika mkweo. Kwa nini harufu uipate ndani ya nyumba yake tu?"

Nikasema kwa sababu inakata njiani. Watu wakaguna. Njia ya mwongo ni fupi, na mie nilikuwa nimeshafika mwisho wa yangu, nani angeniamini?

Mama Sauda ndiye aliyenyoosha mkono. "Nipakeni mie. Kama inakata, tutakaa tuone."

Akapakwa. Tukakaa. Mwanangu, tangu ninunue marashi yale nilikuwa naomba yadumu. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, nilikuwa namwomba Mungu yafe. Akanusa: limau. Akanusa tena: sabuni. Jua linapanda, kivuli cha baraza kinasogea, ananusa: sabuni. Nikawaza leo ndiyo siku yatakayokaa, ya kuniumbua. Mtoto akalia, akambembeleza, akamnyonyesha, jasho likamtoka. Balozi akamwambia nusa. Akanusa mkono, akanusa tena karibu na kiwiko, kisha akainua uso.

"Hamna kitu," akasema. "Nanuka maziwa ya mwanangu."

Funguo zikarudi kwa mwenyewe palepale, na Mama Sauda akamwomba radhi Mzee mbele ya watu. Mie hakuna aliyenisemesha. Nikamfuata Mzee Mfaume njiani, hatua mbili nyuma. Hakugeuka mpaka tulipofika mlangoni kwake.

"Shabani," akasema, bila hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Aibu yako ilikuwa ndogo, inaingia mfukoni. Ukanipa mie niibebe siku tatu, nami sikujua nimebeba nini. Jumamosi ukija, uje na jasho lako."

Jumamosi nilikwenda na jasho langu, vumbi la mninga mpaka kwenye nyusi. Nilitaka kukaa mbali, kwenye ukingo wa baraza. Mzee akapiga mkeka kwa kiganja, hapa, karibu naye, akanisogezea kahawa. Zuhura alipopita na sinia aliinama akaninong'oneza, "Tangu uliponiambia yuko safarini, mie nilijua hakuna baharia. Nilikuwa nangoja useme." Huyo ndiye bibi yako, na kichupa kitupu anacho mpaka leo kule Kibamba, kwenye sanduku lake, ananinyamazishia nacho nikianza kujisifu.

Basi mwanangu, sikukatazi kunukia. Jipake, upendeze, hata kwa kitu cha bei rahisi, hakuna dhambi. Ninachokuusia ni hiki: ukidanganya kwa ajili ya kupendeza, uongo wako utamwangukia aliye karibu yako kabla haujakurudia, kwa sababu yeye ndiye atakayekutetea. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wakati mwingine humuumbua muuguzi wake kwanza. Ukiona aibu yako imeanza kumwelemea mwenzio, usingoje Jumapili. Mwite mtu palepale uani, toa kichupa mfukoni, sema.

Mola akupe riziki safi, akupe mke wa kukungoja useme kweli, na akujaalie jina ambalo jioni, marashi yote yakishakata, bado watu watakupigia mkeka ukae karibu nao.