Hodi Moja, Hodi Mbili

Jirani yangu anajenga, na asubuhi hii upepo umeniletea harufu ya saruji mbichi mpaka jikoni. Chai imenipoa mkononi. Wengine harufu hiyo huwakumbusha maendeleo. Mimi hunikumbusha mdogo wangu Katana, na siku niliyotamani ardhi inimeze.

Tulikuwa tukikaa Mjambere, mimi nina miaka tisa, Katana hajatimiza mitatu. Maneno ndiyo kwanza yalikuwa yanamjia, na alilolipenda kuliko yote lilikuwa hodi. Nyanya ndiye aliyemfunza. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema, akamweleza kwamba kwa watu huingii mpaka uitikiwe, na ukibisha mara tatu kimya, geuka urudi kwenu.

Basi kijana akaamini kila kitu ni nyumba, na kila nyumba ina wenyewe. Alibisha kwenye banda la kuku, kwenye kabati, hata kwenye sufuria ya ndizi. "Odi!" Asipoitikiwa, hagusi kitu, hali, hasogei. Na wa kumwitikia ni nani? Ni mimi. Nimekuwa kuku, nimekuwa kabati, nimekuwa ndoo ya maji: "Karibu, karibu, ingia uoge!" Jamani, nilichoka.

Alasiri moja mama alikwenda dukani. "Kadzo, mtazame mwenzio." Nikaitika abee, macho yangu yako nje kwa wenzangu waliokuwa wakiruka kamba. Katana akanijia, akabisha hodi kwenye kikopo chake cha uji, akaningoja.

"Hebu niondokee! Leo sina karibu."

Akaenda zake. Nilipokumbuka kumtafuta, hayupo. Si uvunguni, si bandani kwa kuku. Mama aliporudi na kusikia, kikapu kilimponyoka, akaanza kuliita jina la mwanawe mtaa mzima mpaka sauti ikamkauka. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile nyumba nyuma ya kwetu, ambayo mafundi walikuwa hawajaimaliza. Shimo la choo lilikuwa wazi, na mvua ya siku mbili ilikuwa imelijaza. Nilikimbia huku nalia.

Alikuwa amesimama penye uwazi wa mlango wa choo, mikono nyuma kama alivyofunzwa, vidole vya miguu juu ya kizingiti. Hatua moja mbele yake, maji meusi.

"Odi moja!" Akangoja. "Odi mbili!" Akangoja tena. Kisha akarudia moja, maana tatu alikuwa hajaijua. Hakuingia kwa kuwa hakuitikiwa, wala hakurudi nyumbani kwa kuwa hesabu yake haikufika.

Na mimi, kwa mazoea, ile "karibu" yangu ilikuwa imeshanifika ulimini. Niliimeza.

"Wenyewe hawapo, Katana," nikasema taratibu.

Akageuka. "Wameenda sokoni?"

"Eeh, sokoni."

Akanipa mkono, tukaenda. Mlangoni kwetu akasimama, kama kawaida yake. Mama alikuwa ameshatoka mtaani, yuko ndani, anatutazama.

"Odi moja!" Mama kimya. "Odi mbili!" Kimya vilevile. Nikajua leo nimekwisha. Amekasirika hata mtoto hataki kumwitikia. Mwishowe akapiga magoti palepale sakafuni. "Karibu, baba," akasema, kwa sauti ndogo mno. "Karibu kwenu." Kiboko nilichokingoja hakikuja, siku hiyo wala kesho yake.

Miaka yote niliamini kwamba mama alinyamaza kwa hasira. Kisha juzi binti yangu alinipotea sokoni, muda wa kujifunga leso tu, nikamkuta nyuma ya magunia ya viazi anaongea na paka. Akaniona, akaniita, "Mama!" Nikafungua mdomo nimwitikie, sauti ikakataa. Ilibidi aniite tena, na tena, ndipo nilipoweza.