Anayefunga Mizigo Akiwa Ameketi

Mfunga mizigo wetu hapa kituoni Mpemba hufanya kazi ameketi. Wenzake husimama juu ya lori wakivuta kamba kwa makelele. Yeye hukaa juu ya turubai, akatanua miguu, akailowesha kamba kwa maji ya chupa hata kama mvua inanyesha, kisha akaivuta taratibu, anaiachia kidogo, anaivuta tena. Nikimpelekea chai hupokea kwa mikono miwili, macho yakiwa kwenye barabara ya Kamsamba, iendayo ziwani.

Juzi Nyanzobe, muuza samaki, alishuka kwenye basi la huko na beseni la kambale wazima. Mmoja, mnene kama paja, akaruka nje. Tukatawanyika, watu wazima tunamkimbia samaki! Mfunga mizigo akaketi palepale kwenye lami, akamvuta polepole mpaka ubavuni mwake, akamfunika macho kwa kitambaa kilicholowa. Samaki akatulia. Akapitisha kamba shavuni, ikatokea mdomoni, akafunga.

"Mbona umekaa chini, baba?" Nyanzobe akamuuliza huku anacheka.

"Ukisimama, mtumbwi unapinduka."

Nyanzobe akaacha kucheka. Akashika kamba, akavuta mara mbili ndipo mfunga mizigo akaiachia, akaenda na samaki wake. Lori likapiga honi. Mfunga mizigo alikuwa bado ameketi kwenye lami, miguu ameitanua, mwili ameulaza upande mmoja, kana kwamba upande wa pili wa mtumbwi bado kuna uzito wa kusawazisha.