Rosta ya Mzaliwa wa Kwanza

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimtangaza kaka yangu bila kulipwa. Mteja akikaa tu kwenye kiti cha saluni yetu pale Shieywe, mjini Kakamega, kabla sijashika chanuo, nilikuwa nimeshamwambia kwamba ndugu yangu ni pailoti. Wengine walicheka. Msusi mwenzangu alisema, "Huyu hata ukimwuliza bei ya kusuka lasta, atakujibu kwa ndege." Sikujali. Mimi niliishia kidato cha nne na alama ambazo sitaziandika hapa, kwa hivyo nilikuwa nimeamua kwamba yeye atapaa kwa niaba yetu wawili.

Nyumbani kwetu ni Shianda, kwenye miwa. Baba aliuza kipande cha shamba kilichopakana na barabara, akaongeza pesa za mavuno mawili, kaka akaenda kusomea urubani Nairobi. Siku alipopata kazi kwenye kampuni ndogo ya ndege za humu nchini, mama alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Watu walikuja kutupa hongera, kila mtu na ombi lake mfukoni. Tulidhani mshahara wa rubani ni kama wa gavana. Tulidhani pia atakuwa anakuja nyumbani kila akijisikia, kwa sababu anayo ndege.

Haikuwa hivyo. Miezi ya kwanza alikaa darasani na kwenye majaribio, akipewa kitu kidogo cha kujikimu. Alipoanza kuruka, kampuni ilianza kumkata kwenye mshahara gharama ya kumfundisha kurusha ndege yao, na ingekata kwa miaka mitatu. Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo, halafu kulikuwa na nyongeza ya kila saa anayokuwa angani. Ndege ikiwa chini, saa hazihesabiwi. Na alilazimika kupanga chumba karibu na uwanja wa ndege, kule ambako kodi ni kali, kwa sababu kuna siku anakaa akingoja simu tu. Ikilia, awe amefika kazini kwa muda usiozidi saa moja. Isipolia, siku imeisha hivyo, amevaa shati jeupe na hajaenda popote.

Aliyemwelewa upesi alikuwa baba. Alimsikiliza mpaka mwisho, wakiwa wamekaa nje kwenye benchi, kisha akasema, "Kwa hivyo unalimia kampuni, kama sisi wa miwa. Wanakukata pesa za mbolea kwanza, halafu siku ya kuvuna wanachagua wao."

Kaka akacheka sana. "Hivyo hivyo, baba."

"Basi tulia. Mimi nimelima hivyo miaka thelathini."

Kuhusu siku za mapumziko, kaka alinieleza mimi. Rosta, yaani ratiba ya zamu, hutoka kila mwisho wa mwezi. Marubani wote huomba siku wanazotaka, lakini wanaochagua kwanza ni walioajiriwa zamani. Krismasi, Pasaka, Jumamosi, zote zinaisha huko juu. Yeye aliajiriwa wa mwisho kabisa, kwa hivyo alipewa zilizobaki: Jumanne, Jumatano, siku ambazo hakuna mtu anaoa wala kuzika. "Nyumbani mimi ni kifungua mimba," aliniambia. "Huku ni kitinda mimba. Hata nyama wananigawia shingo." Wakati mwingine aliweza kubadilishana zamu na mwenzake, ikiwa ofisi ya rosta imekubali. Hilo la kubadilishana nililishika vizuri. Hilo la ofisi kukubali nililiacha lipite.

Baba alianguka shambani Jumatatu asubuhi, katikati ya mistari ya miwa. Walipomfikisha hospitalini alikuwa ameshaenda. Kaka alifika Jumanne. Kampuni ilimpa siku tano za kumzika mzazi, kuanzia Jumanne hiyo hadi Jumamosi. Zilitosha. Kwetu mazishi huwa Jumamosi, na mwili ulikuwa mochari, na kaburi ni kazi ya siku moja.

Jumanne jioni wazee wa ukoo walikaa chini ya turubai kupanga. Baba mdogo, anayemfuata baba kwa kuzaliwa, ndiye aliyeongoza.

"Jumamosi hii ni ya kuzika mkata miwa," alisema. "Huyu ni baba ya pailoti. Watu watakuja na magari. Tutafute hema la maana, ng'ombe wa maana, kwaya. Senge yao atoke Busia na watu wake. Tuseme Jumamosi ile ingine."

Senge, dada yake baba, hakuwepo kusema kwamba angeweza kufika hata kesho yake. Wazee wakaitikia. Kaka akainua mkono kama mwanafunzi.

"Baba mdogo, siku zangu zinaisha Jumamosi hii. Jumapili jioni natakiwa kazini."

"Utaomba zingine."

"Hazipo zingine."

"Kijana, hata askari jela anaombanga ruhusa akazike baba yake. Sembuse wewe?" Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nikigawa chai. "Wewe mukhana, binti yetu, wewe ndiye mnaongeanga na yeye kila siku. Hawezi kupata siku moja tu?"

Nilikuwa na birika mkononi. Watu wote waliniangalia. Naikumbuka furaha iliyonipanda, naona aibu kuisema, lakini ilikuwa furaha: wazee wananiuliza mimi habari za ndege. Na nililiona lile hema la maana, na magari, na wateja wangu wote wamekaa kwenye viti wakimtazama kaka amevaa sare.

"Atapata," nikasema. "Wanabadilishananga zamu. Ameshawahi."

Kaka aliniangalia. Angeweza kunikana mbele yao. Hakunikana. Aliinamisha kichwa tu, na wazee wakaandika tarehe.

Basi siku zake tano zilikwisha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akisalimiwa na watu wasiomjua, wakimwuliza kama amewahi kugonga ndege wa angani. Jumapili asubuhi aliondoka. Mama alimshika mkono wa shati, na alipomwachia kaka akanyoosha mkunjo.

Jumatano alinipigia simu. Amepata mwenzake wa kuchukua zamu yake ya Jumamosi. Niliruka pale saluni, nikamwaga maji ya kuoshea nywele. Alhamisi akapiga tena. Ofisi ya rosta imekataa. Yule mwenzake alikuwa amefikisha saa za kuruka kwa wiki hiyo, sheria inamtaka alale. Mwingine hakuna.

"Ukigoma je?" nilimwuliza.

"Nikigoma wananifuta, na deni la mafunzo linabaki. Baba aliuza shamba ili nifutwe?"

Nikaweka chanuo chini. Kisha akasema jambo ambalo lilinitoa machozi palepale mbele ya mteja. Jumamosi anarusha ndege ya kwenda Kisumu. Anatua saa sita na dakika arobaini, anakaa chini dakika ishirini na tano, anarudi Nairobi. Kisumu na Shianda, kwa gari, si mbali. Dakika ishirini na tano hata viatu huwezi kuvifunga vizuri.

Mzaliwa wa kwanza wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza kwenye kaburi la baba. Wengine wote wanamfuata. Ijumaa jioni, wazee walipoambiwa hatakuja, walianza kulaumiana kwa sauti za chini, na hakuna aliyenitaja, jambo ambalo lilinichoma kuliko kutajwa. Senge alikuwa amefika na mifuko yake. Alisikiliza, akatema pembeni.

"Mlingoja nini wiki nzima? Mlikuwa mnamlea maiti?" Halafu akaniita. "Wewe. Kesho asubuhi chota udongo pale wanapochimba. Mpelekee ndugu yako aushike kwa mkono wake. Uurudishe. Huo ndio utatangulia."

Baba mdogo alisema hajawahi kuona jambo la namna hiyo. Senge akamwuliza kama amewahi kuona rubani. Wakakubaliana: watangoja mpaka saa kumi.

Niliufunga udongo kwenye pembe ya leso, jirani akanipeleka na gari lake. Saa sita nilikuwa uwanja wa ndege wa Kisumu. Askari mlangoni alinifungulisha lile fundo.

"Hii ni nini?"

"Udongo."

"Naona ni udongo. Wa nini?"

"Wa baba."

Alinitazama, akafunga fundo mwenyewe, akaniambia ndani siwezi kuingia bila tikiti lakini ningoje. Saa sita na dakika arobaini zikapita. Saa saba ikapita. Ndege ilichelewa kutoka Nairobi, hali ya hewa. Nilihesabu safari ya kurudi kwa vidole, nikahesabu tena nikitumaini vidole vitabadilika. Ndege ilitua saa nane na robo.

Askari alimwita mama mmoja aliyevaa kizibao cha kung'aa, mfanyakazi wa pale uwanjani. Alikuwa mtu wa kwetu, nilijua kwa jinsi alivyonisalimu. Hakuuliza mengi. Alichukua leso kwa mikono miwili, akaenda.

Nilisimama kwenye uzio wa waya. Kaka alikuwa ameshuka, anaizunguka ndege na kurunzi, anainama kuangalia magurudumu. Ni kazi ya rubani mdogo hiyo, aliwahi kuniambia. Yule mama akamfikia. Kaka aliweka kurunzi chini, akafungua fundo, akaweka udongo kwenye kiganja, akaufumbata. Alisimama hivyo. Upepo wa ziwa ulikuwa unapepea tai yake. Kapteni akachungulia mlangoni, akamwona, akarudi ndani. Halafu kaka akarudisha udongo kwenye leso, akafunga, akampa yule mama aniletee, akapunga mkono kuelekea uzio. Alipunga upande ambao sikuwepo. Nilimpungia hata hivyo.

Jirani aliendesha kama mwizi. Tulipopita Kakamega mbingu ilikuwa nyeusi, na kabla ya kufika kwetu mvua ilitukuta, ile ya alasiri inayokuja bila kubisha. Saa kumi na nusu niliingia kwa mguu, gari likiwa limekwama kwenye matope. Hema la maana lilikuwa limeinama upande mmoja kwa maji. Watu wengi walikuwa wamekimbilia jikoni na verandani. Kaburi lilikuwa limejaa, na vijana wanalipigapiga kwa majembe.

Baba mdogo alinijia amelowa mpaka kwenye ndevu.

"Tulingoja, mukhana. Maji yalikuwa yanaingia ndani. Ungetaka tumwache baba yako aogelee?"

"Nani alitangulia?"

"Mimi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilitupa mimi."

Senge alinishika bega, tukaenda pamoja. Nilifungua leso nikamwaga ule udongo juu. Ulikuwa mkavu, mwekundu zaidi kuliko ule mwingine. Mvua iliupiga, na baada ya muda mfupi sikuweza kusema wa kaka ni upi.

Jumapili mchana simu yake iliingia. Alikuwa chumbani kwake akingoja ya kazini.

"Udongo wangu ulifika? Ulitang..."

"Ndiyo," nikasema. "Ulitangulia."

Akasema asante.

Siku zangu zilizofuata zilikuwa za kumwomba kila mtu anifichie uongo wangu. Mama aliitikia kwa kichwa. Senge alisema yeye hana mdomo. Baba mdogo alikataa katakata. "Nilichofanya kaburini nitamwambia mwenyewe. Sitaki kubeba baraka iliyo ya mtoto wa marehemu."

Kaka alikuja siku kumi na nane baada ya mazishi, Jumatano, moja ya siku zake zile zinazobaki kwenye rosta. Alikuwa amekonda. Baba mdogo alimsimamisha mlangoni kabla hajaketi, akamweleza yote: mvua, maji, mkono wake. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nimeshika mwiko.

"Nilijua, baba mdogo," kaka akasema. "Huyu alinijibu kabla sijamaliza kuuliza."

Hakuja kunigombeza. Angenigombeza ningepona. Alienda kaburini peke yake, akakaa muda wa kutosha ng'ombe kunywa maji, akarudi, akanawa mikono. Niliweka obusuma, ule ugali wetu, na kuku mezani. Nikamwambia, "Kaka, ile siku ya mkutano, mimi ndiye niliyesema utapata."

"Ulitaka nipate."

"Nilitaka hema."

Alicheka kidogo, akamega tonge. Halikufika mdomoni. Alilala vile vile amekaa, tonge mkononi, kichwa kimeangukia bega. Mama alilitoa tonge lile taratibu, akafuta vidole vyake kwa kitambaa. Majirani wawili walikuja na maombi yao ya karo; baba mdogo, ambaye kila mara alikuwa wa kwanza kuomba, akawafukuza kwa mkono na kukaa mlangoni kama askari.

Zamu yake ya kungoja simu ilikuwa ianze saa kumi na mbili asubuhi iliyofuata, Nairobi. Ili afike na alale kidogo, ilibidi aondoke saa nane mchana. Saa nane ilipofika alikuwa bado amelala; mama aliniangalia, baba mdogo akaniangalia. Nilimsogelea. Nilimwita mara ya kwanza kwa sauti ndogo kabisa, ili asisikie.